UBONGO WA MCHUNGAJI NAO HUCHOKA
Somo la kujifunza pamoja katika kikundi



Mmezoea kusoma hapa juu ya mbuzi wa maziwa, matuta ya kuzuia mmomonyoko na namna ya kuweka vitabu vya hesabu. Leo tunawaletea somo juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, lakini ni wachache wanaokifikiria. Kitu hicho ni ubongo. Na hasa tutazungumza juu ya ubongo wa yule anayetuongoza: mchungaji, pasta, padre au katekista.

Watu wetu wakisikia neno "ubongo" huwaza Mathari tu, yaani hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini sivyo. Ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo au figo. Hufanya kazi, huchoka, huumia, na pia hupata nafuu. Anayeelewa hayo ataongoza vizuri zaidi, na kikundi kinachoelewa hayo kitaishi miaka mingi.

LENGO LA SOMO
Mwisho wa somo hili, kikundi kiweze:
1. Kueleza jinsi ubongo unavyofanya kazi mtu anapokuwa na hofu, hasira au uchovu.
2. Kutambua dalili za kiongozi aliyechoka kupita kiasi.
3. Kukubaliana mambo ambayo kikundi kitafanya ili kumlinda kiongozi na kulinda kazi.

Muda: mikutano miwili. Vifaa: mbegu za aina tatu, yaani mahindi, maharagwe na kunde, na mahali palipofagiliwa chini ya mti.

1. KWA NINI SOMO HILI NI LA KIKUNDI?

Vijijini kwetu mchungaji si mtu wa Jumapili tu. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, mshauri wa akina mama, msuluhishi wa ugomvi wa mipaka, na mtu wa kuita usiku mgonjwa akizidiwa. Basi akiharibikiwa yeye, mambo mengi huharibika pamoja naye.

Tuchukue mfano. Tumeutunga, si wa mtu fulani, lakini huenda mkaona unafanana na wa kwenu.

Mchungaji mmoja anatunza makanisa manne. Alhamisi jioni anaitwa hospitalini. Ijumaa usiku yuko kwenye matanga. Jumamosi anazika, amesimama juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Jumapili anahubiri makanisa mawili. Jumatatu mtoto wake anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na usiku huo huo kuna kesha. Jumanne saa nane mchana anaketi mbele ya kikundi cha maji. Tangu asubuhi amekunywa chai ya rangi tu.

Mama mmoja anainua mkono: "Pasta, zile pesa za mabomba tulizochanga, zimefika wapi?"

Swali hilo ni halali. Pesa zipo, na risiti ziko nyumbani. Lakini mchungaji hasikii swali. Anasikia akiitwa mwizi. Anapaza sauti, anapiga meza, anasema kama hawamwamini watafute mwenyekiti mwingine, kisha anatoka. Yule mama anaona aibu na harudi tena. Mwezi unaofuata watu saba zaidi hawaji. Mabomba yanabaki yamelala nyuma ya kanisa, na akina mama wanaendelea kubeba mitungi kutoka mtoni.

Wengine watasema ni shetani. Wengine watasema ni kiburi, au kwamba mchungaji yule hana maombi. Hayo tunawaachia mpime wenyewe. Sisi tunaongeza swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi: tangu Alhamisi mpaka Jumanne, mtu huyu alilala saa ngapi?

2. UBONGO NI KITU CHA NAMNA GANI?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kama sehemu mbili tu kwa mia ya mwili wake. Lakini hiyo sehemu mbili hula karibu sehemu ishirini kwa mia ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Kwa maneno mengine, ni kiungo kidogo kinachokula sana. Ndani yake mna chembe hai za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja inapeana habari na nyingine nyingi.

Kwa hiyo mtu anayekaa kimya akifikiri juu ya shida za watu hakai bure. Anafanya kazi ngumu. Ndiyo maana unaweza kusikiliza kesi ya shamba kutwa nzima, hujashika jembe hata mara moja, lakini jioni unajikuta umechoka kama aliyelima.

3. MBWA WA BOMA NA MZEE WA BOMA

Ubongo una sehemu nyingi zinazosaidiana. Leo tutataja mbili tu.

Ya kwanza ni ndogo, umbo lake kama la lozi, na iko ndani kabisa, moja kila upande wa kichwa. Wataalamu huiita amigdala. Sisi tutaiita mbwa wa boma. Kazi yake ni kunusa hatari. Ukikaribia kukanyaga nyoka, unaruka kabla hujajua umeona nini. Huyo ni mbwa amebweka. Mara moja homoni kama adrenalini zinamwagika katika damu, moyo unapiga mbio, na misuli inakaza. Walter Cannon, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojitayarisha hivyo kupigana au kukimbia. Ni zawadi nzuri. Bila mbwa huyu tungeumwa na nyoka sote.

Lakini mbwa ana kasoro yake. Humbwekea mwizi, na humbwekea mgeni pia. Hajui tofauti ya nyoka na swali la mama juu ya pesa za mabomba.

Sehemu ya pili iko mbele, nyuma ya paji la uso. Tutaiita mzee wa boma. Huyu husikia mbwa akibweka, huwasha tochi, hutoka nje, huangalia ni nani, kisha husema, "Nyamaza, huyu ni jirani." Sehemu hii ndiyo hupima maneno kabla ya kuyatamka, hukumbuka ahadi, huangalia mbali, huzuia mkono usipige. Uongozi wote mzuri unapitia hapo.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe la somo hili. Mtaalamu mmoja wa chuo kikuu cha Yale, Amy Arnsten, amechunguza kwa miaka mingi yanayotokea kwa sehemu hii ya mbele wakati wa msongo. Yeye na wenzake wameonyesha kwamba mtu akiwa katika msongo ambao hawezi kuudhibiti, hata usio mkubwa sana, sehemu ya mbele hupungua nguvu upesi, na zile sehemu za ndani za hofu na mazoea hushika usukani. Yaani mbwa akibweka sana, mzee hunyamaza. Saa ile hasa tunapomhitaji mzee, hayupo.

Ndivyo ilivyokuwa Jumanne ile. Mbwa alikuwa amebweka siku tano mfululizo, na mzee alikuwa amelala kwa uchovu. Mama aliuliza swali la kawaida, akajibiwa na mbwa.

4. MSIMAMIZI WA RELI

Mtu anaweza kusema, "Lakini tabia ni jambo la roho, si la nyama." Tabia ni jambo la roho kweli. Lakini roho yetu imewekwa ndani ya mwili, na mwili ukiumia, tabia nayo huguswa. Tuangalie mambo yaliyompata kiongozi mmoja zamani.

Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont huko Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Phineas Gage alikuwa akisimamia wafanyakazi wanaojenga njia ya reli. Kazi ilikuwa kupasua mwamba kwa baruti. Baruti ililipuka ghafla, na chuma cha urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa karibu kilo 6 kikaingia chini ya shavu lake la kushoto kikatokea juu ya kichwa. La ajabu ni kwamba hakufa. Aliweza hata kuzungumza siku ile ile.

Lakini chuma kile kiliharibu sehemu ya mbele ya ubongo wake. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba kabla ya ajali waajiri walimhesabu kuwa msimamizi hodari kuliko wengine. Baada ya ajali hakuwa na subira, alitukana, alipanga mambo na kuyaacha. Hawakumrudishia kazi yake ya usimamizi.

Watu hupenda kuishia hapo, lakini habari iliendelea. Baadaye Gage alikwenda nchi ya Chile akaendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi kwa miaka kadhaa. Watafiti wengine wanaona kwamba utaratibu wa kazi ile, wenye mambo yale yale kila siku, ulimsaidia kujitawala tena. Alifariki mwaka 1860.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, uwezo wa kuvumilia na kupima maneno unaegemea nyama iliyo nyuma ya paji la uso. Pili, utaratibu mzuri unaweza kumsaidia mtu ambaye nguvu zake zimepungua. Mchungaji wetu hakuchomwa na chuma. Lakini msongo na kukosa usingizi humdhoofisha mzee wa boma kwa muda, na hapo utaratibu wa kikundi unaweza kumshika mkono.

5. USINGIZI SI UVIVU

Katika makanisa yetu anayekesha husifiwa, na anayelala huitwa mvivu. Hatupingi kesha. Tunasema tu kwamba deni la usingizi hulipwa, na mara nyingi hulipwa na watu wengine.

Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya zoezi walilompa sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akikaa macho saa 24, alikuwa kama mwenye asilimia 0.10.

Hebu tuhesabu. Mchungaji akiamka saa kumi na moja alfajiri, saa 17 zinatimia saa nne usiku. Saa hiyo ndiyo watu hubisha hodi wakitaka awaamulie ugomvi wa mume na mke. Sisi tungekataa kupanda matatu ambayo dereva wake amelewa. Mbona basi tunamkabidhi mtu aliyekesha kalamu ya kutia sahihi benki?

Mwaka 2015 wataalamu wa usingizi huko Marekani walipendekeza kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Hiyo ni saa 49 kwa wiki. Shikeni hesabu hiyo, tutaitumia kwenye zoezi.

6. UCHOVU UNAOKULA NDANI

Kuna uchovu unaoisha kwa kulala usiku mmoja, na kuna ule usioisha hata ukilala. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi New York, aliandika juu ya watu wa kujitolea walioungua kama mshumaa mpaka ukaisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu:

(a) Nguvu kuisha. Anaamka amechoka.
(b) Moyo kuwa mbali na kazi. Aliyewapenda watu sasa anawaona mzigo, anawasema kwa kejeli.
(c) Kazi kupungua ubora. Anasahau mikutano, anarudia mahubiri yale yale, anaacha mambo katikati.

Shirika hilo halikuiita ugonjwa. Lakini liko jambo lingine ambalo ni ugonjwa, nao ni depresheni, yaani huzuni kubwa isiyoisha. Mtu akiwa na huzuni karibu kutwa nzima kwa wiki mbili au zaidi, hataki chakula, hapati usingizi au analala kupita kiasi, hafurahii kitu, au anasema heri angekufa, msimwambie aombe zaidi tu. Mwombeeni, na mmpeleke hospitali siku hiyo hiyo mkisikia neno la kufa. Mtu akivunjika mguu tunaomba na tunamfunga mguu. Na hapa ni vivyo hivyo.

7. MAANDIKO YANATUONYESHA NINI?

Someni pamoja 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa Mlima Karmeli. Halafu Yezebeli alimtishia, naye akakimbia. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti akaomba afe. Angalieni Mungu alianza na nini. Hakuanza na kumkemea. Eliya alilala. Malaika alimgusa akampa mkate na maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Ndipo akapata nguvu ya kwenda mpaka Horebu, na huko ndiko alikoulizwa maswali. Baadaye akapewa Elisha ili asibaki peke yake.

Someni pia Kutoka 18. Musa alikaa kuwaamua watu tangu asubuhi mpaka jioni. Yethro, baba mkwe wake, aliona kwamba yeye na watu wote watachoka. Akamshauri aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na mambo makubwa tu ndiyo yafike kwake. Musa hakukasirika, alimsikiliza mzee wake.

Na katika Marko 4, Bwana Yesu mwenyewe alilala ndani ya mashua. Kama yeye alilala, mchungaji wetu ni nani hata asilale?

8. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Mambo haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mkubaliane tu.

(a) Gaweni kazi. Mchungaji asiwe mwenyekiti wa kila kitu. Wako walimu waliostaafu, wako akina mama hodari, wako vijana waliosoma. Mchungaji anaweza kubaki mlezi wa kikundi, na kiti akakalia mwingine.

(b) Hesabu zisomwe kila mkutano. Tumeona kwamba msongo usiodhibitiwa ndio unaomnyamazisha mzee wa boma. Basi msimshtukize kiongozi, wala msinyamaze juu ya pesa. Wekeni hesabu iwe jambo la kwanza katika ajenda kila mwezi, na mweka hazina aje na daftari na risiti. Swali likiwa na saa yake, halisikiki kama shtaka. Yule mama wa mabomba angejibiwa kabla hajauliza.

(c) Pumziko la maji. Kubalianeni kwamba mkutano ukipamba moto, mtu yeyote anaweza kusema, "Maji!" Hapo wote wanasimama dakika kumi, wanakunywa maji au chai, wanatembea kidogo. Sio kukimbia neno. Ni kumpa mzee wa boma nafasi ya kutafuta tochi yake.

(d) Taja unachohisi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba mtu akitaja hisia kwa jina lake, kama hasira au hofu, kazi ya amigdala hupungua. Kwa hiyo kiongozi ajifunze kusema, "Ndugu zangu, neno hilo limeniuma, nipeni muda kidogo." Hayo si maneno ya mtu dhaifu.

(e) Msiaibishane. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake waliwachezesha watu mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, halafu mtu mmoja akaachwa nje. Alipoachwa, ubongo wake uliamsha sehemu ambayo pia hufanya kazi mwili unapoumia. Kutengwa kunauma kweli. Mwanakikundi akikemewa mbele ya watu anaumia, na mchungaji akisengenywa sokoni naye anaumia. Anayekosea aonywe faraghani kwanza.

(f) Msimwache peke yake. Mwaka 2006 James Coan na wenzake walipima ubongo wa wanawake 16 walioolewa, huku wakiwaambia huenda wakapigwa na umeme kidogo mguuni. Waliposhikwa mkono na waume zao, ubongo ulitulia kuliko walipokuwa peke yao, na ulitulia zaidi kwa wale ambao ndoa zao zilikuwa nzuri. Mchungaji husikiliza siri za kila mtu, je, yeye anamwambia nani yake? Msaidieni awe na mwenzake wa kuzungumza naye, mchungaji wa eneo lingine au mzee anayetunza siri. Na msimnyang'anye jamaa yake. Jioni za mkewe au mumewe na watoto ziheshimiwe.

(g) Siku moja ya kupumzika. Jumapili si siku yake ya kupumzika, hiyo ni siku ya kazi. Chagueni siku nyingine, wazee wa kanisa waitangaze, na awepo mtu wa kupigiwa simu siku hiyo badala yake.

(h) Mambo mazito asubuhi. Mikopo, kufukuza mwanachama, kununua ardhi au mashine: msiyaamue usiku, wala siku inayofuata kesha au matanga, wala na njaa. Yalale kwanza.

9. NENO LA KUONYA

Tusije tukalielewa somo hili vibaya. Uchovu unaeleza ukali, lakini uchovu haufuti hesabu. Kiongozi aliyekula pesa za kikundi, au anayepiga mkewe, au anayedhulumu wasichana, asijifiche nyuma ya ubongo. Huyo awajibike mbele ya kanisa na mbele ya sheria, na walioumizwa walindwe kwanza. Mchungaji aliyefoka kwa uchovu naye ana deni: aende kwa yule mama, aombe msamaha, alete risiti. Kupumzika kutamsaidia asirudie, lakini hakumwondolei safari hiyo.

Na lingine. Somo hili si la kumpima mchungaji peke yake. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mama wa nyumbani, kila mmoja ana mbwa na mzee.

10. ZOEZI: WIKI YA MCHUNGAJI

Chini ya mti, chora mistari saba kwenye udongo, mstari mmoja kwa kila siku. Kila siku ina mbegu 24, yaani mbegu moja kwa saa moja. Jumla ni mbegu 168.

Mahindi ni saa za kazi ya kanisa na ya kikundi, pamoja na kusafiri.
Maharagwe ni saa za kulala.
Kunde ni saa za chakula, shamba lake, jamaa na kupumzika.

Mwombeni mchungaji mwenyewe, kwa heshima, apange mbegu za wiki iliyopita. Wengine wanyamaze mpaka amalize. Kisha hesabuni maharagwe. Yakifika 49, mshukuruni Mungu. Yasipofika, ulizeni: ni hindi gani kati ya haya tunaweza kulichukua sisi? Mtu anayejitolea ainame alichukue kwa mkono wake, aseme jina lake na kazi anayoichukua, na katibu aandike. Mchungaji aweke haragwe au kunde mahali pale.

Akiona vigumu kufanya hivyo mbele ya wote, afanye na wazee wawili anaowaamini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika kikundi chetu, ni mambo gani humfanya "mbwa" abweke upesi? Ni pesa, ukoo, siasa au vyeo?
2. Je, tumewahi kuamua jambo usiku au kwa hasira tukajuta baadaye? Lilitugharimu nini?
3. Mchungaji wetu ana kazi ngapi ambazo si za uchungaji? Nani alimpa?
4. Eliya alipewa chakula, usingizi na mwenzake. Kati ya hayo matatu, kiongozi wetu amekosa lipi zaidi?
5. Kama mwanachama aliondoka kwa sababu ya maneno makali, ni nani atakayemwendea, na siku gani?
6. Katika mambo ya sehemu ya 8, tutaanza na mawili yapi mwezi huu?

Katibu aandike majibu ya swali la 5 na la 6 katika kitabu cha kumbukumbu, pamoja na majina na tarehe. Mkutano ujao yasomwe kabla ya jambo lingine lolote, mara tu baada ya maombi na hesabu.

Mungu awabariki katika kazi zenu.